Watoto wa Marehemu Tumewapeleka Wapi?

Sikieni, watu wa Segese. Sikieni na ninyi wa Kakola na Lunguya, wa Kahama mjini, wa Katoro na Nyarugusu mlio upande wa Geita. Sina habari mpya ya kuwaletea. Ninayoyasema mnayajua kuliko mnavyotaka kuyajua. Mnajua kwamba kila mwaka ikifika Juni na Julai, shule za Marekani na Ulaya zikifungwa, vijana wa makanisa ya huko hupanda ndege kuja Tanzania kujitolea katika kambi na vituo vya yatima. Mnajua tunavyowaandaa watoto: wanaogeshwa alfajiri, wanapakwa mafuta, wanavalishwa fulana za rangi moja, wanapangwa mstari kandokando ya njia, wanakaririshwa wimbo wa Kiingereza ambao hakuna aliyejisumbua kuwaeleza maana yake. Mnajua kwamba katika mstari ule yumo mtoto mwenye mama, yumo mwenye baba, yumo mwenye bibi na shangazi na kaka wakubwa watatu wenye nguvu zao. Mnajua ni nani aliyeandika orodha ya majina, na kwa nini mtoto ameandikwa yatima hata pasipo kaburi. Na mnajua kwamba chini ya turubai, kwenye viti vya mbele, wamekaa baba zao wadogo na wajomba zao, wakipiga makofi.

Tunaishangilia aibu yetu.

Anayedhani namkaripia mgeni asubiri. Kijana aliyechangisha nauli mwaka mzima kanisani kwao, akavuka bahari, akalala kwenye chandarua chenye matundu, akacheza mpira na watoto juani mpaka ngozi ikababuka, amekuja kwa sababu ameambiwa huku kuna watoto wasio na mtu. Aliyesikia mayowe ya moto akaja na ndoo si wa kuulizwa kwanza. Aulizwe aliyepiga mayowe. Na aliyepiga mayowe ni sisi. Barua tuliandika sisi. Picha tulipiga sisi, tukaichagua siku ambayo mtoto hajanawa uso. Tuliandika kwamba hana ndugu, kuhusu mtoto ambaye ukoo wake ukianza kuhesabiwa kutoka Segese hadi Bukwimba haumaliziki jioni moja. Msukuma asiye na ndugu amezaliwa lini? Mnyamwezi asiye na wa kwao yuko kijiji gani? Tumeuambia ulimwengu kwamba hatuna ukoo, ili ulimwengu utubebee wajibu wa ukoo.

Tuanzie mahali yatima wengi wa kwetu wanapopatikana: kwenye duara, shimo la dhahabu. Mnaikumbuka Nyangalata, Oktoba 2015, wachimbaji waliofukiwa wakakaa chini ya ardhi siku 41, wakila mende na vyura, kabla ya kutolewa Novemba wakiwa hai lakini mifupa mitupu. Dunia ilisimulia, nasi tukasema Mungu ni mkubwa. Agosti 2025 ikaja Nyandolwa, watu 25 chini ya kifusi. Katikati ya hizo mbili, na kabla yake, ni wangapi wamefia kwenye maduara ambayo hayakutajwa redioni? Mwanaapolo, mchimbaji wa duarani, anakufa. Pale machimboni anajulikana kwa jina la utani tu, mkataba hana, mgao wake wa viroba vya mawe uko mdomoni mwa mwenye duara. Tunachanga jeneza. Tunakodi gari la kumpeleka kwao. Wiki haiishi, matimba mapya yameshushwa shimoni na mtu mwingine ameshika nyundo yake. Viroba vya marehemu vimesagwa kwenye karasha usiku, mawe yamechenjuliwa, dhahabu imeuzwa. Mtoto wake alipata nini? Ni nani katika kundi lile aliyejua hata kwamba alikuwa na mtoto?

Mtoto huyo naye hapotelei mbali. Yuko mwaloni, wanakooshea mawe ya dhahabu, na mama yake. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya: wanaoshuka mashimoni, wanaobeba na kuponda mawe, wanaokanda zebaki kwa mikono mitupu, wanaoichoma na kuvuta moshi wake. Ripoti ilitaja yatima kuwa miongoni mwa wanaoangukia huko kwa urahisi zaidi. Sisi tulifanya nini? Tulisema tunachafuliwa jina. Tulisema mtoto anasaidia familia. Tukapita kando ya mwalo tukienda ibadani, tukawasalimia watoto wale wale, wakatuamkia shikamoo na mikono yao imejaa tope la zebaki, tukaitikia marahaba na kuendelea na safari. Anayeponda mawe Jumatatu mbele ya macho ya wazee wa kanisa ndiye anayeogeshwa Jumamosi ili awe yatima wa kuonyeshwa.

Tunamlilia mbele ya kamera tu.

Halafu kuna yale tunayoyafanya ndani, mlango ukiwa umefungwa, na kuyaita mila. Simu ya marehemu inachukuliwa kabla maiti haijaoshwa, kwa sababu ndani yake kuna fedha na kuna anayeijua namba ya siri. Pikipiki inaondoka siku ya pili. Ng'ombe wanahamishwa usiku kwenda zizi la mkubwa wa ukoo, eti wakatunzwe. Kiwanja kinapata karatasi mpya. Mjane anaulizwa alikuja na nini. Wajane wawili wa mkoa huu wetu wa Shinyanga walikataa kunyamaza: walifukuzwa na ndugu wa waume zao majumbani mwao, pamoja na watoto, wakaenda mahakamani kupinga sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba sheria ile inabagua, lakini haikuifuta. Wakafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba haki zao zilivunjwa na nchi yao. Tuliposikia tukasema hiyo ni kesi ya serikali. Je, ni serikali iliyowatoa nje? Ni serikali iliyokuja na kufuli? Ni mashemeji. Ni watu waliokula pilau ya harusi yake. Mama akishatolewa, watoto wanagawanywa kama mali iliyobaki: mmoja kwa shangazi akachote maji, mmoja porini akachunge, mmoja kituoni. Kisha huyo wa kituoni anapigwa picha, na chini ya picha inaandikwa kwamba hana mtu duniani.

Na hatuwezi kusema kwamba hatuna nguvu ya kumlinda mnyonge. Sisi ndio tulioanzisha sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Kahama na Nzega, baba zetu walichoka kuporwa mifugo wakajipanga wenyewe, na mpango ule ukaenea nchi nzima hadi serikali ikautambua. Ng'ombe mmoja akiibwa, mwano unapigwa, kijiji kinatoka, kwato zinafuatwa mchana na usiku, kijiji kimoja kinakabidhi nyayo kwa kijiji kingine, na asiyetoka anatozwa faini. Huo ndio uwezo wetu. Sasa niambieni: ng'ombe wa yatima wakiibwa mchana na baba yake mdogo, mbele ya wazee walioketi kwenye matanga, ni nani aliyewahi kupiga mwano? Ni kijiji gani kilichotoka? Ni nani aliyetozwa faini kwa kukaa kimya?

Ng'ombe ana walinzi wengi kuliko mtoto.

Hapa karipio linanigeukia kilio, kwa sababu wapo waliosimama, nasi tumewaua. Ukiuliza katika kijiji chochote cha ukanda huu ni nani anayewalea watoto wa marehemu kweli, bila kamera na bila mfadhili, utaonyeshwa bibi. Bibi anayeuza karanga za kukaanga. Bibi anayelala na wajukuu watano katika chumba kimoja, akiamka saa kumi kuwasha kuni. Macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini wa kuwapikia wengine, na kwa macho hayohayo tumemwita mchawi. Shinyanga na Geita zimejulikana kwa mauaji ya vikongwe kwa miongo mingi, na mara ngapi nyuma ya panga kumekuwa na shamba ambalo mtu alilitaka? Mikono iliyokuwa imebaki kuwashika watoto tumeikata wenyewe. Kisha tunawaleta watoto wale kambini, tunamwambia mgeni kwamba walezi wao walifariki. Walifarikije? Mbona sentensi inaishia hapo?

Tena wapo watoto ambao hawakufiwa kabisa, waliofanywa yatima na hofu ya kwetu. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi kuanzia mwaka 2007, watoto walikimbiziwa kituo cha Buhangija pale Shinyanga, na kuwaficha ilikuwa lazima, kwa maana waliowinda viungo vyao walikuwa majirani na wengine walikuwa ndugu. Lakini hatari ilipopungua, wazazi wangapi walirudi? Wapo watoto waliokaa miaka na miaka bila baba wala mama kuja hata kuwatazama. Wageni wamefika kutoka nchi ambazo watoto wale hawawezi kuzionyesha kwenye ramani. Sisi tulio karibu, wa kupanda basi tu, hatukufika.

Naja kwetu tunaojiita wa Kristo. Injili ina zaidi ya miaka 100 katika nchi hii ya Usukuma. Si kanisa changa tena hili. Lina maaskofu wake, vyuo vyake, hospitali zake, kwaya ambazo nyimbo zake zinachezwa kwenye mabasi kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam. Tunachangia ujenzi, tunachangia spika na kinanda, tunachangia gari la mchungaji, tunachangia sherehe ya kulizindua gari la mchungaji. Lifungueni daftari la mhasibu wa usharika wenu, mtafute fungu la yatima. Likiwepo, mtakuta limeandikwa na penseli. Tukiulizwa tunajibu kwamba hilo lina wafadhili. Yakobo alipotaja dini isiyo na taka hakutaja ukumbi; alitaja yatima na wajane katika dhiki yao. Malaki tunayemsoma kila Jumapili kwa ajili ya zaka, katika sura ile ile, aya chache kabla ya zaka, amewataja wanaomwonea mjane na yatima na kuwaweka pamoja na wachawi na wazinzi. Kwa nini tunaanza kusoma chini yake? Ni nani aliyetuzoesha kuiruka aya ile?

Na sisi wenyewe tuna kambi zetu, tusijifiche nyuma ya ngozi ya mgeni. Kikundi cha akina mama kutoka mjini, umoja wa vijana, wafanyakazi wa ofisi fulani: tunafika kituoni siku ya Krismasi na mche wa sabuni, mfuko wa sukari, katoni ya biskuti. Tunakaa saa mbili. Tunapiga picha mia moja. Tunambeba mtoto ambaye jina lake hatukuliuliza, tunamrudisha chini picha ikishatoka vizuri, na jioni hiyohiyo tunarudi nyumbani ambako binti wa marehemu dada yetu anaosha vyombo, hajala, hajaenda shule, na tunamwita msichana wa kazi.

Yatima tuliyemfuata yuko mbali. Wa ndani hatumwoni.

Tungeacha hapo kama hasara ingekuwa aibu tu. Lakini mtoto anayeonyeshwa kwa kila mgeni amefunguliwa mlango kwa kila mgeni. Gregory Dow, Mmarekani kutoka Pennsylvania, alifungua kituo cha watoto huko Boito, kaunti ya Bomet nchini Kenya, mwaka 2008, akijulikana kama mmisionari. Mwaka 2021 mahakama ya kwao ilimfunga miaka 15 na miezi 8 kwa kuwadhulumu kingono wasichana aliosema amekuja kuwaokoa. Matthew Durham, kijana wa Oklahoma, alikuja kujitolea kwenye kituo cha watoto jijini Nairobi mwaka 2014; alifungwa miaka 40 mwaka 2016 kwa uovu wa aina hiyohiyo. Wengi wanaokuja si watu hao, na kusema vinginevyo ni dhuluma. Swali ni letu: yupo mzee mmoja wa kwetu aliyewahi kumwomba mgeni cheti cha polisi wa kwao? Tunamuuliza kibarua wa kulinda karasha ametoka wapi na nani anamdhamini. Wa kulala jirani na watoto tunamuuliza atatuletea mipira mingapi.

Hata yule mwema, akija na kuondoka, anaacha jeraha tusilolihesabu. Nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakikulia kwenye vituo. Nusu yao waliwekwa kwa familia za kuwalea. Waliopata familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vizuri kuliko wenzao katika akili na katika kupenda. Mtoto anahitaji mtu mmoja anayebaki. Sisi tunampa watu ishirini wanaoondoka. Anamwita mgeni wa kwanza mama, anamlilia wiki nzima. Wa pili naye anamwita mama. Ikifika kambi ya tano anamrukia kila anayeshuka garini, nasi tunasema, tazameni alivyochangamka.

Wenzetu wameanza kuona. Umoja wa Mataifa ulizungumzia madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima katika azimio la Desemba 2019. Australia imeanza kuuhesabu usafirishaji wa watoto kuingizwa katika vituo kuwa sura ya utumwa. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatangaza mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Shirika la Lumos limesema kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watoto walio kwenye vituo duniani wana mzazi aliye hai. Na sisi hatuna kisingizio cha kukosa sheria: Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kiwe na leseni, na inatoa nafasi ya malezi ya kambo. Sheria ipo. Kiongozi anayeketi meza kuu siku ya kambi, akapewa soda na nafasi ya kusema neno la shukrani, ndiye aliyepaswa kuuliza leseni iko wapi.

Mtasema maisha ni magumu. Kwa bibi wa karanga ni magumu zaidi, naye amewachukua watano. Karasha za Segese zinanguruma usiku kucha. Fedha inapita hapa, inapita kwenye baa, inapita kwenye nyumba ya kulala wageni, inapita kwenye michezo ya kubahatisha, haipiti kwenye daftari la shule la mtoto wa marehemu. Ada ilifutwa tangu 2016. Ukoo mzima umeshindwa sare na viatu? Mtasema kituoni anakula vizuri. Anakula, ndiyo. Siku akitimiza miaka kumi na minane atarudi kwa nani, na shamba la baba yake limeshauzwa mara mbili? Mtasema watoto wenyewe wanapenda wageni. Mtoto mwenye njaa ya kushikwa atampenda yeyote anayemshika, na njaa hiyo tumemwachia sisi. Mtasema tukikataa wageni, misaada itakoma. Basi waje, wajenge kisima, wamlipie bibi bima, watufundishe ufundi, wakae na sisi watu wazima wakatuulize maswali magumu. Misaada itakayokoma kwa sababu watoto hawakupangwa mstari ilikuwa bei ya watoto.

Kwa hiyo msiba ujao, na hautachelewa, maana maduara hayajaacha kuanguka, matanga yasivunjwe mpaka mambo haya yasemwe hadharani, mwenyekiti wa kijiji akiandika. Marehemu ameacha watoto hawa, majina yao haya, umri wao huu. Mama yao ni huyu, na nyumba ni yake na yao. Ng'ombe ni wangapi, kiwanja kiko wapi, simu ina kiasi gani, viroba vyake kwa mwenye duara ni vingapi na vitalipwa lini. Anayewachukua ni nani, na kanisa litamsaidia kwa kitu gani kila mwezi. Mchungaji asifunge kwa sala kabla karatasi haijasainiwa. Afisa Ustawi wa Jamii apewe nakala. Na baba mdogo atakayeinuka kusema kwamba haya ni mambo ya ukoo, yasitolewe nje, apigiwe mwano palepale, watu watoke, na ng'ombe warudishwe kabla jua halijazama.